Mteja Anasema Pembeni Panamezwa

Mwaka ambao mke wake alianza kupofuka, fundi alianza kuitengeneza kompyuta. Aliitengeneza kwa miezi kumi na minne, kwa ustadi ambao hata waliomcheka baadaye hawakuukana, na kila alipomaliza ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Kompyuta yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote.

Watu walimwita Hairudi. Juu ya mlango wa chumba chake cha kazi, ambacho ndicho chumba cha mbele cha nyumba yake, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu IKITOKA HAPA HAIRUDI. Wateja wenye redio zilizolala kwenye rafu zake mwaka wa tatu waliongeza kwamba hata isipotoka hairudi. Alianza na redio, akaingia kwenye televisheni, na televisheni zilipokuwa nyembamba kama sinia akahamia kwenye laptopu, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanahamia kwenye viti vya barazani.

Laptopu ya mke wake aliipata katika vitu vilivyotupwa na ofisi fulani: kioo kizima, betri ya kuombewa dua, na mtambo wa kuiendesha uliokuwa mzito kama mgeni aliyeshiba. Akaufuta wote akaweka mtambo mwingine, Linux. Alikuwa na sababu mbili. Linux ilikubali kukimbia kwenye mashine kuukuu, na ilimruhusu kufungua kila kifuniko. "Hii haikufichi kitu," alipenda kusema. "Kila ilichonacho kimeandikwa kwenye faili, na faili unaweza kulisoma, mradi una macho."

Mke wake alikuwa mpiga chapa wa mahakama. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akichapa mienendo ya kesi kutoka kwenye mwandiko wa hakimu, mwandiko ambao watu wawili tu duniani waliuweza, na mmoja wao, yaani hakimu, aliuweza asubuhi tu. Mashine ya ofisi ilipokufa na barua ya kuomba nyingine ikawa inazunguka, alianza kwenda kazini na laptopu yake. Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Alichotaka ni kimoja: siku ikifika, aondoke kwenye kiti kile kwa miguu yake, asiondolewe. Mpiga chapa aliyemtangulia alikwenda hospitali Jumatatu kuulizia macho, akarudi na karatasi, na Jumatatu iliyofuata kiti kilikuwa na mwingine. Huyo mwingine ndiye yeye. Hakuisahau karatasi ile.

Mwalimu aliyemfunza fundi, mzee aliyekuwa akitengeneza televisheni akiwa amezipa mgongo, akizisikiliza tu, alimwachia sheria mbili. Ya kwanza: andika ubovu kwa maneno ya mteja, si kwa maneno yako, kwa sababu maneno yako yanajua mno. Ya pili: mteja haongopi. Akileta redio inayokoroma, na mbele yako ikaimba vizuri, usimrudishe. Mashine zina aibu. Mbele ya fundi hujifanya nzima. Ubovu usioonekana ndio ubovu wenyewe.

Ni sheria nzuri. Zimeokoa redio nyingi.

Kwenye Linux, sheria ya kwanza ilipata makazi. Mstari wa faili ukiutangulizia alama ya reli (#), mtambo unauruka. Haukuandikiwa mtambo, umeandikiwa binadamu atakayekuja kusoma. Basi kila alipogusa mipangilio ya kioo, fundi aliandika juu kabisa, nyuma ya alama ya reli, tarehe na maneno ya mteja. Kisha akatunza nakala kwenye folda moja, kwa sababu fundi asiyetunza nakala ni mpishi asiyeonja.

"Fundi," mke wake alimwambia asubuhi moja, amesimama mlangoni, mkoba begani. Alimwita fundi tangu kabla hawajaoana. Alimfahamu siku alipomletea pasi. "Hii mashine yako inafifia."

"Yangu au yako?"

"Ikiwa nzima ni yangu. Ikififia ni yako."

Fundi akaiwasha. Kioo kilikuwa kinang'aa kama bati jipya. Kwa mtu mwingine habari ingeishia hapo, lakini fundi alikuwa na sheria ya pili, akatafuta siku mbili, na bahati mbaya akapata. Linux ilikuwa imeipa kadi ya picha programu ya kuazima ya kuiongoza, kiendeshi cha jumla ambacho hufanya kazi kwenye kadi zote na hakiipendi hata moja. Akaweka kinachostahili. Akapandisha mwanga mpaka mwisho, akaiandika namba yake kwenye faili ili mashine isije ikajipunguzia yenyewe betri ikishuka. Juu yake akaandika: *mteja anasema kioo kinafifia kama taa inayokwishiwa mafuta.*

"Ahaa," mke wake alisema alipoketi mbele ya kioo. "Sasa ndiyo kioo."

Alikuwa mkweli. Mwanga kweli ulikuwa umeongezeka. Hiyo ilikuwa bahati mbaya ya pili.

Miezi miwili baadaye, wakiwa mezani mchana, alisema mwisho wa mistari unamezwa.

"Kushoto au kulia?"

"Kotekote. Kama mtu ameishika karatasi kwa vidole vinene."

Fundi akaacha kula. Alifurahi, na hakuificha furaha yake, maana ubovu huu aliufahamu kama anavyofahamu ndugu: picha inayotumwa ni pana kuliko kioo kinachoipokea, basi kingo zake zinaangukia nje. Yeye, tena, hakuona kingo zozote zinazoanguka. Alikwisha zoea. Dawa yake ilikuwa amri moja ya kuivuta picha ndani, nukta arobaini kila upande, na kuiachia fremu nyeusi.

Wakaketi bega kwa bega kwenye benchi la kazi, yeye akiandika namba, mke wake akitazama.

"Bado."

Nukta themanini.

"Bado kidogo."

Mia na ishirini.

"Hapo. Hapo sasa. Naona mstari wote, mwanzo na mwisho."

Kwa macho ya fundi kioo kilikuwa kimepungua. Kwa mke wake kilikuwa kimetimia. Akaandika: *mteja anasema pembeni panamezwa.* Akatunza nakala.

Shemeji yake, mdogo wa mke, alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na alikuwa akija kila Jumapili kuwaamkia. Jumapili hiyo aliikuta laptopu mezani imewaka, picha katikati, weusi pande zote.

"Shemeji, hii ni kompyuta au ni picha ya marehemu?"

"Ni mipangilio," fundi alisema.

"Poleni sana na mipangilio. Mazishi lini?"

Mke wa fundi alicheka, akainuka kwenda jikoni, akagonga kigoda kilichokuwa kando ya mlango. Kikaanguka kwa kelele.

"Dada, vipi?"

"Kimekaa vibaya."

"Kimekaa hapo tangu uolewe. Mimi mwenyewe nimekikalia nikiwa sijavunja ungo."

Fundi akaamka, akakiokota kigoda, akakihamishia ukuta wa pili. Shemeji alimtazama mpaka alipomaliza.

"Wewe Hairudi," alisema, "ungekuwa daktari, ungempasua kitanda ukamwacha mgonjwa."

Wakacheka wote watatu, na mke alicheka kuliko wenzake. Shemeji peke yake ndiye aliyeacha mapema. "Dada, kapime macho."

"Miwani ninayo."

"Ya yule wa mkokoteni? Anapima macho kwa kukuuliza umri."

"Na mimi nilimwambia wa kweli. Kunywa chai, mdogo wangu."

Ndivyo yalivyoisha. Jumapili mbili tatu shemeji aliyarudia, na kila mara dada yake alimjibu kwa mzaha mzuri kuliko wa wiki iliyopita, na mtu akishindwa kwa mzaha ni vigumu kuendelea na la kweli.

Mwezi wa nane wa matengenezo rangi ziligeuzwa, kwa kuwa mteja alisema karatasi nyeupe inamchoma na herufi zinayeyukia humo. Fundi akatia weusi nyuma na herufi za manjano, akakesha na namba za rangi kama mama anayechagua kitambaa cha harusi. Mwezi wa kumi fremu iliongezwa. Mwezi wa kumi na moja ilikuja zamu ya herufi zenyewe. Akaziongeza robo, kisha nusu, kisha mara mbili. Hapo hesabu ilianza kuwa ngumu, kwa kuwa dirisha lilikuwa linapungua na kilichomo kinanenepa. Kwanza kioo kilichukua aya moja. Baadaye mstari. Mwezi wa kumi na tatu, neno "shahidi" lilijaza nafasi yote iliyobaki, likakaa katikati ya weusi, la manjano, kama kibao cha duka lenye bidhaa moja.

Tusimseme kwamba hakuwahi kushtuka. Alishtuka mara moja. Alikuwa amesimama uani, anaanika waya zilizolowa, akamwona mke wake akitoka mlangoni na kuuelekea ukuta, kisha akaupapasa kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani. Fundi akaingia ndani, akafungua laptopu, akasasisha kiendeshi.

Kilichokuja kuharibu mambo kilikuwa vinundu viwili.

Kila kibodi ina vinundu viwili vidogo, kimoja kwenye F na kimoja kwenye J, na mpiga chapa huvipapasa kwa vidole vya shahada ili mikono ijue iko wapi bila ya macho kuulizwa. Laptopu ile ilikuwa kuukuu. Vinundu vilikuwa vimesagika mpaka vikawa hadithi. Kwa miaka hiyo haikuwa na maana, maana macho yalimalizia pale vidole vilipoacha.

Siku moja mchana karani wa masjala, mwanamke mpole aliyefanya kazi chumba kimoja na mke wa fundi, aliingia kwenye chumba cha mbele na bahasha. Alisalimia, akauliza hali ya kazi, akauliza hali ya redio, akaketi. Mwishowe akatoa kurasa kumi na moja.

"Haya ni maelezo ya shahidi wa tatu," alisema. "Kesi ya mpaka wa shamba. Hakimu alianza kuyasoma mbele ya watu."

Fundi akachukua ukurasa wa kwanza. Umepangwa vizuri, nafasi mbili kati ya mistari, aya zimeingizwa ndani inavyotakiwa. Mahali pa "shahidi" paliandikwa *djsjofo*. Kurasa zote kumi na moja zilikuwa katika lugha hiyo, bila ya kosa hata moja ndani yake: kila kidole kilikuwa kimehamia kitufe kimoja kulia, na kikafanya kazi yake kwa uadilifu mpaka mwisho.

"Mpangilio wa kibodi umeruka," fundi alisema. "Hutokea baada ya kusasisha. Nitaurudisha leo hii."

"Baba," karani alisema, na alilisema neno hilo kwa upole ambao fundi hakuupenda, "aliambiwa asome alichokichapa. Akasema subirini nizikuze herufi. Akazikuza. Akasema subirini nizikuze tena. Hakimu akatuambia tutoke nje sote."

Fundi aliendelea kuushika ukurasa.

"Amepewa barua. Apimwe ndipo arudi." Karani akasimama. "Na ile kompyuta, kama hamtaitumia, ofisini tunaiomba kwa muda. Ya kwetu bado barua yake inazunguka."

Hospitali walikwenda watatu, mke katikati, shemeji upande mmoja, fundi upande wa pili na laptopu kwenye mkoba. Aliibeba kama ushahidi. Njiani alikuwa bado anaeleza kwamba daktari lazima aone fremu, aone mwanga ulivyo, asije akamhukumu mtu kwa kosa la kioo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu aliyekwisha sema jambo hilohilo mara tano tangu asubuhi. Alimulika, akapuliza hewa, akapima presha ndani ya jicho, akarudia. Kisha akaketi.

"Ilianza lini?"

"Si zamani," mke alisema.

"Kama miezi mitatu," fundi alisema.

"Mwaka," shemeji alisema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Nipeni tarehe moja, hata ya kukisia."

Fundi alitaka kujibu, akaacha. Halafu akafungua mkoba, akaiweka laptopu juu ya meza ya daktari, akaiwasha, akapunguza kwa muda fremu na herufi ili mtu mwenye macho aweze kusoma, akafungua folda.

"Tarehe ninazo," alisema.

Kulikuwa na mafaili thelathini na saba. Daktari hakuelewa namba zilizokuwa chini, wala hakuhitaji. Alisoma mistari ya juu tu, ile ya alama ya reli, mmoja baada ya mwingine, na kidole chake kikishuka kwenye kioo.

*Mteja anasema kioo kinafifia kama taa inayokwishiwa mafuta.* *Mteja anasema pembeni panamezwa.* *Mteja anasema ukimtazama mtu usoni mabega yake hayapo.* *Mteja anasema nyeupe inachoma.* *Mteja anasema jana usiku ngazi iliongezwa kipandio.* *Mteja anasema kuna ukungu kwenye kona ya kushoto, kona imekuja katikati.* *Mteja anasema leo kuzuri.* *Mteja anasema samahani, si kuzuri.*

"Nani aliandika?"

"Mimi."

"Wewe ni muuguzi?"

"Fundi."

"Umeandika vizuri kuliko wauguzi wangu," daktari alisema, na hakuwa anatania. Kidole chake kilirudi juu, kikasimama kwenye faili la pili. "Hapa. Mngekuja hapa, ningeuzuia huu ugonjwa wa presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, hilo hata hapa nisingeliweza. Lakini kilichobaki siku hii kingebaki." Akaangalia tarehe, akahesabu kwa midomo. "Miezi kumi na miwili."

Akaandika dawa ya matone, kuilinda njia nyembamba ya mwanga iliyosalia jicho la kulia, na akasema wazi kwamba haina ahadi. Kisha akaandika karatasi. Mke wa fundi hakuiona, ila aliisikia kalamu, na aliijua ni karatasi gani.

Kwenye korido shemeji alikwenda kutafuta duka la dawa. Wawili hao wakakaa kwenye benchi.

"Ulijua," fundi alisema.

"Wewe je?"

Fundi akafunga zipu ya mkoba wa laptopu.

"Kila ulipotengeneza, nilikuwa naona vizuri siku mbili, siku tatu," mke alisema. "Mtu akipewa siku tatu haulizi ya nne itatoka wapi. Na wewe ulikuwa unafurahi. Nikasema basi, huyu anafurahi, na mimi naona. Nani aharibu?"

"Ningeharibu mimi. Kazi yangu."

"Kazi yako ni kutengeneza, fundi."

Wiki zilizofuata fundi alijaribu jambo la mwisho. Kuna programu ya Linux inayosoma kioo kwa sauti, na inazo lugha nyingi, hata hii yetu. Aliiweka. Ilisoma kama mgeni aliyejifunzia lugha ndani ya pipa, tena akiwa na kiazi cha moto mdomoni. Mke wake alivumilia ukurasa mmoja, akauliza kama shahidi huyu ameapishwa. Mahakama nayo ilijibu kwa barua nzuri, yenye shukrani za miaka thelathini na moja, ikisema kiti kimejazwa. Shemeji ndiye aliyewasomea. Alipofika kwenye "kukutakia mapumziko mema" aliikunja barua kabla ya kufika kwenye sahihi.

Ikabaki ombi la karani. Mchana mmoja fundi aliketi kwenye benchi la kazi, mke wake kando yake kwenye kile kigoda kilichorudishwa mahali pake, kwa kuwa sasa alihitaji kila kitu kiwe pale anapokikumbuka. Fundi alikuwa anairudisha laptopu ilivyokuwa, ili mpiga chapa mpya aikute ya kawaida. Angeweza kufuta yote kwa amri moja. Hakufanya hivyo. Alirudi nyuma faili kwa faili.

Herufi zikapungua mara mbili, nusu, robo. Manjano yakaondoka, karatasi ikawa nyeupe. Fremu ikafunguka nukta arobaini, arobaini nyingine, mpaka picha ikagusa kingo nne za kioo. Mbele ya macho yake miezi kumi na minne ilikwenda kinyumenyume kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai, na kila hatua ilitii.

Mwisho wake kilibaki kioo kipana, angavu, kimejaa hadi pembeni. Alikikagua kwa bidii. Alikiinamisha, akakitazama kwa ubavu, akatafuta hata nukta moja iliyokufa. Angeshukuru kwa nukta moja.

"Vipi?" mke aliuliza.

"Nzima."

"Pembeni je?"

"Mpaka mwisho."

Mke akanyoosha mkono, akaipata kibodi, akapitisha vidole juu yake bila ya kubonyeza, akitafuta F, akitafuta J. "Waambie wabandike kitu hapa," alisema. "Hata tone la gundi. Yule mtoto wa watu asije akachapa kama mimi."

Fundi akachukua gundi, akatia tone moja F, tone moja J, wakasubiri yakauke. Kisha akafungua faili kwa mara ya mwisho, akaweka alama ya reli, akaandika tarehe, na mkono ukasimama.

"Lazima niandike neno la mteja," alisema. "Unasemaje?"

Nje mtu alikuwa anapita na redio, na redio ilikuwa inakoroma, na fundi, kwa mazoea, alikuwa amekwisha jua ni waya gani.

"Andika mteja hana neno," mke alisema.

Akaandika. Halafu akatunza nakala.